Habari ya Mtu Huulizwa Mwenyewe

Msomaji, katika lugha ya Kisomali, isemwayo na wenyeji wengi wa Garissa, Wajir na Mandera, iko salamu isemayo, "Is ka warran." Asiyejua lugha hiyo huambiwa kuwa maana yake ni "U hali gani?" na tafsiri hiyo yamtosha msafiri mwenye haraka. Lakini ukiifungua neno kwa neno, utakuta inasema, "Toa habari juu ya nafsi yako." War ni habari, na katika nchi ya ukame habari ni kama maji: mvua imenyesha upande gani, majani yameota wapi, kisima kipi kimekauka, ugonjwa gani umeingia katika mifugo. Adabu kubwa imefichwa katika maneno hayo machache. Aulizaye hasemi, "Nimesikia mambo yako," wala hasemi, "Watu wananena nini juu yako?" Humwachia mgeni haki ya kuwa msemaji wa kwanza wa habari zake. Mgeni atasema apendayo kuyasema, na apendayo kuyaweka moyoni atayaweka moyoni, wala hapana atakayeufungua mzigo wake kwa nguvu ili aone kilichofungwa ndani.

Wachungaji wa nchi hiyo wana desturi nyingine ifaayo kutajwa hapa. Wakisikia kuwa mvua imenyesha mahali fulani, hawahamishi ngamia na mbuzi wao kwa neno hilo tu. Hutuma kwanza mtu mwenye miguu myepesi na macho makali, aende akayaone malisho na maji, kisha arudi na habari ya yakini. Kazi hiyo huitwa sahan. Sababu yake ni dhahiri: uvumi wa mvua ukiwa uongo, mifugo hufa njiani. Lakini ni ajabu iliyoje kwamba mwanadamu, ambaye katika habari za majani hataki ila yakini, katika habari za jina la mwenziwe hutosheka na fununu! Insha hii yahusu kinyume hicho.

Watu wanaoonewa sana kwa kinyume hicho ni watu mashuhuri: waimbaji, waigizaji, wachezaji, watangazaji na waandishi. Na katika mambo wanayozushiwa, moja hurudi tena na tena, nalo ni swali la mapenzi yao: je, huyu huvutwa na watu wa jinsia nyingine, au wa jinsia yake? Tuseme yuko mwimbaji ambaye nyimbo zake zapendwa toka Mombasa hata Mandera. Amepita umri wa miaka 30 naye hajaoa. Sauti yake ni nyororo, mavazi yake ni ya rangi nyingi, na anaye rafiki wa kiume ambaye husafiri naye. Jioni moja mtu fulani anaandika katika simu yake maneno machache na kuyatia picha. Kabla ya taa za bweni kuzimwa, habari imekwisha kufika Garissa, na wanafunzi ambao hawajapata kumwona mtu huyo wamekwisha kumhukumu.

Ukiuweka ushahidi huo katika mizani, hautapata uzito wa unyoya. Useja ni useja, sauti ni sauti, na rangi ya shati ni rangi ya shati. Wako wengi wasiooa kwa sababu ya umaskini, au majonzi, au kazi, au kwa kupenda upweke tu. Urafiki wa wanaume wawili ni jambo la kale kama dunia, na huko kwetu wanaume wawili waliopendana kwa urafiki hushikana mikono sokoni bila ya mtu kugeuza shingo. Mambo hayo yote yalikuwapo jana, wala hayakumaanisha kitu. Leo yamegeuzwa kuwa alama, si kwa sababu yamebadilika, bali kwa sababu jicho linaloyatazama limekwisha kuamua litakachokiona.

Itazame kadhalika lugha ambayo uvumi huandikiwa, maana wewe ni mwanafunzi wa lugha na kazi hii ni yako. Neno lake lipendwalo ni "inasemekana." Nani asemaye? Kitenzi hicho hakina mtenda. Mwandishi amejificha nyuma ya sarufi. Silaha yake ya pili ni alama ya kuuliza: "Je, ni kweli kwamba fulani...?" Kwa alama hiyo mwandishi hutupa jiwe, kisha huonyesha kiganja kitupu na kusema kuwa yeye aliuliza tu. Silaha ya tatu ni mtego wenye milango miwili, na yote miwili hufungwa. Mtu mashuhuri akinyamaza, husemwa, "Amenyamaza kwa kuwa ni kweli." Akikana, husemwa, "Amekana kwa kuwa anaogopa." Swali ambalo kila jibu lake ni hatia haliwezi kuitwa swali. Ni hukumu iliyovaa kanzu ya swali.

Ili tusibishane hewani, tutazame maandishi mawili yaliyotoka katika Afrika ya Mashariki. La kwanza ni la Kampala. Mwezi wa Oktoba mwaka 2010, gazeti dogo lililoitwa Rolling Stone, ambalo halikuwa na uhusiano na jarida la Marekani lenye jina hilo, lilitoa ukurasa wa kwanza uliodai kufichua picha 100 za watu wanaopenda watu wa jinsia yao, na juu yake likaweka mwito wa kuwanyonga. Ndani mlikuwa na majina, nyuso, na mahali walipokaa baadhi yao. Watatu kati ya waliotajwa walikwenda Mahakama Kuu ya Uganda. Tarehe 30 Desemba 2010, Jaji V. F. Kibuuka Musoke aliamua kwamba gazeti lilivunja haki ya utu na haki ya faragha ya watu hao na ya nyumba zao, akalizuia kuendelea, na akaamuru kila mmoja alipwe shilingi 1,500,000 za Uganda.

Jambo la kutiwa moyoni katika hukumu hiyo ni hili. Sheria za Uganda zilikataza matendo ya mapenzi ya jinsia moja siku ile, na jaji hakuzifuta. Alieleza kuwa shauri lililokuwa mbele yake halikuwa juu ya mapenzi hayo, bali juu ya haki za mtu: je, ni halali kuchapisha uso wa mtu na nyumba yake pamoja na wito wa kumwua? Alitenga maswali mawili ambayo umati huyachanganya. Swali la kwanza ni, "Waonaje jambo hili?" Swali la pili ni, "Una haki gani ya kuingia katika nyumba ya mwenzio kulitafuta?" Mtu aweza kulijibu swali la kwanza kwa ukali wote wa imani yake, na bado jibu la swali la pili likawa, "Sina haki."

Mmoja wa wale watatu alikuwa David Kato, aliyepata kuwa mwalimu. Tarehe 26 Januari 2011, majuma machache baada ya hukumu, alipigwa hata kufa nyumbani kwake Mukono. Mtu mmoja alitiwa hatiani kwa mauaji hayo mwaka ule ule, akafungwa miaka 30, na mahakama haikulihukumu gazeti kwa damu hiyo. Nami sitalihukumu, maana mhakiki asemaye zaidi ya ushahidi alio nao huangukia kosa lile lile analolikemea. Nasema hili tu, nalo latosha: mtu ambaye uso wake umechapishwa chini ya neno la kunyongwa hawezi tena kulala kama alivyolala kabla, na wino uliomnyima usingizi hauwezi kurudishwa chupani. Maji yakimwagika hayazoleki.

Andiko la pili ni la Kenya. Binyavanga Wainaina alizaliwa Nakuru mwaka 1971. Mwaka 2002 alipata Tuzo ya Caine ya uandishi wa Afrika, na mwaka uliofuata alikuwa mmoja wa waliolianzisha jarida la Kwani? mjini Nairobi. Mwaka 2011 alitoa kitabu cha maisha yake, na jambo moja hakulitia ndani. Mwezi wa Januari 2014, katika siku za kutimiza miaka 43, alilichapisha jambo hilo kama sura iliyopotea katika kitabu kile. Katika sura hiyo anamwambia mama yake, aliyekwisha kufa mwaka 2000, kwamba yeye ni mtu apendaye watu wa jinsia yake.

Nataka uitazame sura hiyo kwa jicho la mhakiki, upende au usipende habari iliyomo. Mwandishi anaanza kwa kukiri kuwa atakayoyasimulia si masimulizi ya kweli, kisha anasimulia jinsi alivyokuwa kitandani kwa mama yake mgonjwa na kumwambia siri yake sikioni. Baadaye anatoa masimulizi ya kweli. Kwa kweli alikuwa mbali, Afrika Kusini, na mama alikufa kabla hajafika. Neno alilotaka kulisema halikusemwa kamwe. Ufundi wa sura hiyo umo katika kukiri huko. Mwandishi angaliweza kutuachia hadithi ya kwanza, nasi tungaliamini, lakini alichagua kutuonyesha pengo. Na msikilizaji wake hakuwa umma. Umma ulisikia, lakini aliyeambiwa ni mama. Hivyo ndivyo siri ya kweli ilivyo: humtafuta kwanza yule ambaye upendo wake unaogopwa kupotea, ndipo iwafikie wengine. Binyavanga alijua jambo lake, kwa maelezo yake mwenyewe, tangu umri wa miaka mitano. Basi alilibeba miaka karibu 40 kabla ya kulitua. Nani mwingine angaliweza kujua ni saa ipi iliyofaa kulitua?

Sifa hizi hazinizuii kutaja kasoro. Mtu aweza kuuliza kama mwandishi alimtendea haki mama yake kwa kumleta mbele ya wasomaji akiwa hoi kitandani, mahali ambapo hawezi kujibu wala kujifunika. Faragha ya mama nayo ni faragha. Nadhani kukiri kwa mwandishi kwapunguza uzito wa swali hili, kwa kuwa aonekanaye uchi zaidi katika sura hiyo ni mwana, si mama. Lakini swali ni halali, na yafaa mlijadili darasani.

Sasa yaweke maandishi hayo mawili bega kwa bega. Yote mawili yalitoa hadharani habari za namna moja. La Kampala lilisemwa na watu wasiohusika, juu ya watu wasioulizwa, kwa wasomaji walioitwa kuchukia. La Kenya lilisemwa na mwenye habari, kwa saa aliyoichagua, kwa mtu aliyempenda. Huu ndio mlango uliofunguliwa na mwenye nyumba, na ule ndio mlango uliovunjwa kwa shoka. Hapa ndipo penye kiini cha insha hii. Wengi hudhani kwamba ubaya wa uvumi ni uongo wake, na kwamba ukithibitika kuwa kweli basi msemaji ameshinda. Sivyo. Ziko kweli ambazo ni mali ya mtu, kama vile ng'ombe wa mtu walivyo mali yake. Aibaye ng'ombe hajitetei kwa kusema, "Lakini ni ng'ombe kwelikweli."

Nazijua hoja za upande wa pili, na haifai kuziruka. Hoja ya kwanza hutegemea methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali ni hekima ya wazee, lakini wazee hao hao walisema pia kwamba sikio halilali na njaa. Sikio likikosa habari, hujipikia. Basi tusiitumie methali moja kuwa hakimu huku tumemfungia nje shahidi wake.

Hoja ya pili husema kwamba mtu mashuhuri amejiuza kwa umma, na aliyeuzwa hana siri. Hoja hii husahau kusoma hati ya mauzo. Mwimbaji ametuuzia wimbo. Tuna haki ya kusema kuwa wimbo ni mbovu, kuwa sauti imechoka, kuwa maneno hayana maana. Mchezaji ametuuzia mchezo, nasi tuna haki ya kumlaumu akikosa goli. Chumba cha kulala hakikutiwa katika biashara hiyo. Mwenye duka la vitambaa pale sokoni Garissa hufungua duka kwa kila apitaye, wala hapana mnunuzi adhaniaye kwamba kwa kununua kitambaa amepata ruhusa ya kuingia nyumbani kwa mwenye duka.

Hoja ya tatu ni ya dini, nayo ndiyo nzito kuliko zote katika Garissa, mji wenye Waislamu wengi. Husemwa kwamba, kwa kuwa dini yakataza jambo, ni wajibu kumfichua anayedhaniwa kulitenda. Lakini dini ile ile ikatazayo jambo hilo imekataza pia njia ya kulitafuta. Sura ya Al-Hujurat yaamrisha kuipima habari iletwayo na mtu asiyeaminika, na yakataza dhana, upelelezi wa mambo ya watu, na kusengenya. Sura ya An-Nur yakataza kuingia nyumba ya mtu bila ya kubisha na kupewa ruhusa, na yataka mashahidi 4 kwa amtuhumuye mwanamke mwenye heshima. Asiyewaleta hupigwa mijeledi 80. Kumbuka kisa cha Bibi Aisha, aliyechelewa nyuma ya msafara kwa kutafuta mkufu wake uliopotea, akaletwa na Safwan juu ya ngamia. Mji wa Madina ulivumisha karibu mwezi mzima, mpaka wahyi ukashuka kumtakasa, na walioambiwa kuwa wamekosa hawakuwa wale waliouzua uvumi peke yao, bali na wale waliousikia wakaupokezana kwa ndimi zao wakidhani ni jambo jepesi. Sifananishi kisa hicho na habari za waimbaji wa leo. Natoa kanuni yake tu: uzito wa neno haupimwi kwa wepesi wa ulimi uliolisema.

Sheria ya nchi nayo imesimama mahali hapo hapo. Sheria ya Kenya ya makosa ya jinai yakataza matendo fulani ya jinsia moja, na mwezi wa Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu hivyo. Lakini Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya kutotakiwa kutoa habari za jamaa yake au za maisha yake ya faragha, wala habari hizo kufichuliwa, pasipo na haja. Na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imetaja mwelekeo wa mapenzi wa mtu miongoni mwa habari zake nyeti zinazohitaji ulinzi zaidi, pamoja na afya yake na imani yake. Haki hiyo ni ya kila mtu, wala Katiba haikuwatoa waimbaji.

Lakini msomaji wa Garissa hahitaji mahakama kumfundisha uchungu wa jambo hili. Mwulize babu yako habari za mwaka 1989, wakati Serikali ilipoamuru Wakenya wa asili ya Kisomali wapigwe msasa, wathibitishe mbele ya maofisa kuwa wao ni Wakenya, na waliokubaliwa wakapewa kadi za rangi ya waridi. Au waulize walioishi Nairobi mwezi wa Aprili 2014, wakati watu wengi, hasa Wasomali, walipokamatwa katika msako na wengine wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Mambo hayo si sawa na uvumi juu ya mapenzi ya mtu, na sitaki kuyafanya sawa. Yana mzizi mmoja tu: mtu hutazamwa sura, mavazi na matamshi, kisha huambiwa, "Thibitisha kwamba wewe si yule tunayemdhani." Watu waliopata kuamriwa hivyo wanajua kuwa amri hiyo hushusha utu hata kama jibu ni jepesi na kadi iko mfukoni. Basi ni juu yao kuliko watu wengine wote kutomwamuru mwenzao jambo hilo.

Sisemi kwamba kila kifichwacho kiachwe kifichwe. Kiongozi aibaye fedha za dawa hana faragha katika wizi wake. Mtu mzima amdhuruye mtoto, awe mashuhuri au asiwe, wa jinsia yoyote kwa jinsia yoyote, hana faragha katika dhuluma yake; huyo apelekwe kwa wenye mamlaka upesi, wala asifichwe kwa jina la heshima. Kipimo si kigumu. Uliza: je, yuko aliyedhulumiwa? Je, umma una haja na habari hii, au una hamu nayo tu? Haja na hamu hufanana uso, lakini haja hutosheka ipatapo jibu, na hamu huomba jingine.

Labda umeona kwamba katika insha hii sikumtaja mtu yeyote anayevumishiwa leo. Majina mnayajua, na yamepita katika simu zenu. Kuyaandika hapa, hata kwa nia ya kuyatetea, kungekuwa ni kuyapitisha mara moja zaidi. Na wewe, siku simu itakapokuletea jina kama hilo, utakuwa umekaa mahali walipokaa wale watu wa Madina, na mahali alipokaa msomaji wa gazeti lile la Kampala. Hutaulizwa kama unalipenda jambo lile au unalichukia. Utaulizwa kama ulilipitisha. Huenda katika darasa lako yuko kijana mmoja anayesikiliza kicheko chenu juu ya mwimbaji wa mbali, akajifunza kimya kimya jinsi mtakavyomcheka yeye. Huyo hamumjui, wala si kazi yenu kumtafuta. Akiwa na habari, atawapa apendapo. Nanyi mkiwa watu wenye adabu ya nchi yenu, mtamwuliza hali yake kama wazee walivyomwuliza mgeni kisimani, kisha mtanyamaza mumsikilize.